Meno ya Kanda

Kila nilipotoka shuleni, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwafungia kuku. Ya pili ilikuwa kumfukuza beberu wetu, aliyependa sana kulia chini ya dirisha la Tata. Ya tatu ilikuwa kuketi mlangoni na kumpungia mkono kila mtu aliyepita njiani, ili apite bila kupiga hodi. Watu wa Gachoka hawakuzoea kupita boma la mtu bila kusalimu, na wengine walinuna. "Siku hizi hapa kwa Ndwiga kumewekwa askari," walisema. Lakini wangesalimu, salamu zao zingeingia kwenye albamu ya Tata.

Mimi naitwa Wawira. Mwaka huo wa 1996 nilikuwa darasa la saba. Ndwiga ni baba yangu. Yeye na mama walifanya kazi Embu mjini, nami niliishi na dada yake, Felicitas. Kwetu shangazi tunamwita tata, na yeye nilimwita hivyo tangu nianze kusema.

Tata alikuwa mwanamuziki wa aina ambayo kijiji chetu hakikuwa kimeona. Hakuwa na bendi. Alikuwa na kinanda cha umeme, redio mbili za kaseti na betri ya gari. Stima ya bwawa la Kiambere ilipita juu ya vichwa vyetu kwenye nyaya nene ikienda kuwaangazia wengine, kwa hivyo betri ilibebwa kwa wilbaro hadi sokoni kuchajiwa. Chumba chake alikuwa amekitundika mablanketi ukutani na madirishani ili sauti isirudi. Alirekodi ngoma za kinanda katika redio moja. Kisha aliicheza kanda hiyo huku akipiga besi, na redio ya pili ikachukua zote. Kisha akaongeza kuimba. Akikosea mwishoni, alirudi mwanzo kabisa. Nilimwona akirudia wimbo mmoja siku nne bila kulalamika, na mimi ningekuwa nimekitupa kinanda hicho kwenye mtaro.

Albamu hiyo ilikuwa na nyimbo nane. Saba zilikuwa tayari. Wa nane ulikuwa wa Nyanya.

Nyanya, mama yake Tata, alifariki mwaka mmoja kabla. Alikuwa ndiye kiongozi wa wimbo wa kupura mawele. Yeye aliimba, wanawake wenzake wakaitikia, na fimbo zao zikapiga mavuno kwa pamoja. Mavuno yake ya mwisho, Tata aliibeba redio hadi uwanja wa kupuria akamrekodi. Hakukuwa na sauti nyingine ya Nyanya popote duniani. Tata alitaka kuizungushia sauti hiyo muziki wa kinanda, na nyimbo zote saba alizitengeneza zikielekea hapo.

Kanda ya kaseti ina vijino viwili vya plastiki mgongoni. Ukivivunja, redio inakataa kurekodi juu yake. Tata aliyavunja meno ya kanda ya Nyanya siku ile ile, akaiweka katika mkebe wa majani chai juu ya kabati. "Hii hata mimi siigusi ovyo," aliniambia.

Mimi niliigusa.

Nilikuwa nimetuma kadi ya salamu redioni. Nilitaka jina langu lisomwe na nchi nzima isikie, kutoka kwa Wawira wa Gachoka hadi kwa marafiki zangu wote wa darasa la saba. Nilitaka pia kulirekodi, maana shuleni hakuna ambaye angeniamini. Jumatatu jioni Tata alienda mazoezi ya kwaya. Kanda zake zote nilizijua zimejaa, isipokuwa upande wa pili wa ile ya Nyanya. Na darasani kwetu kila mtu alijua dawa ya meno yaliyovunjwa: unatafuna kipande cha karatasi, unakishindilia kwenye tundu, na redio inadanganyika. Nilichana ukurasa wa daftari la hesabu, nikatafuna, nikaziba matundu yote mawili. Kipindi kilikuwa kimeanza. Kwa haraka ile niliitumbukiza kanda bila kuangalia ni upande gani.

Nilirekodi dakika ishirini na tano. Mtangazaji aliwasalimu watu wa Kisii, wa Voi, wa Kitale. Jina langu halikusomwa. Niliporudisha kanda nyuma ili nisikilize, nilisoma mwandiko wa Tata juu yake: *Mama, kupura mawele.* Ulikuwa upande wenyewe.

Nilizichokoa zile karatasi kwa sindano ya bikari, nikazificha katika mkebe wangu wa vifaa vya hesabu, nikairudisha kanda kabatini. Tata aliporudi nilikuwa nimejifunika hadi kichwani.

Kesho yake Tata aliipeleka redio kwa Ishmael, fundi wa redio pale sokoni, kwa sababu ilikuwa imeanza kutafuna kanda. Alimwachia na kanda ya Nyanya. "Hii ndiyo utajaribia," alimwambia. "Nataka sauti yake itoke safi." Alhamisi alienda kuichukua. Siku hiyo ni ya soko, na mimi nilikuwa nimemfuata na kikapu. Tata alibonyeza kitufe palepale dukani, mbele ya watu. Badala ya Nyanya, ukatoka mlio wa salamu za Kitale.

"Ishmael," Tata alisema polepole, "mama yangu ako wapi?"

"Mimi niliikuta hivyo, Felicitas. Nilidhani ni kaseti ya kujaribia tu."

"Meno niliyavunja kwa mkono wangu. Ni nani kama si fundi anaweza kurekodi juu ya kaseti haina meno? Na hizo salamu, si ni wewe husikiza kila jioni hapa na sauti yote?"

"Haki ya Mungu, mimi sijaguza."

Tata hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliikumbatia redio yake kifuani na kuondoka akilia, na watu wakampisha njia. Sikuwa nimemwona akilia tangu mazishi. Nilitembea nyuma yake na kikapu changu cha kunde, na neno nililopaswa kusema lilikuwa moja tu, "ni mimi." Nililimeza.

Siku zilizofuata niliendelea kulimeza. Habari zilienea haraka, kama kawaida ya habari mbaya. Watu walianza kwenda kuchukua redio zao kwa Ishmael kabla hazijatengenezwa. Kanisa lilipeleka kipaza sauti chake Embu kwa fundi mwingine. Nikipita kwenda shule nilimwona Ishmael ameketi kwenye stuli yake, rafu nyuma yake zikiwa tupu, bisibisi mkononi bila kazi. Redio yake mwenyewe hakuiwasha tena jioni. "Wawira, habari ya masomo?" aliniuliza kila asubuhi, vile vile kama zamani. Nilijibu "mzuri" nikiangalia viatu vyangu. Kule nyumbani Tata alikifunika kinanda kwa leso. Kuku walizurura watakavyo, na hakuna aliyeniambia niwafungie. Nilijiambia kwamba nikisema sasa, Nyanya hatarudi. Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilinifaa sana kama kisingizio.

Siku ya tisa, Jumamosi mchana, Ishmael alikuja kwetu. Alikuwa amevaa koti la kanisani ingawa jua lilikuwa kali. Tata hakumkaribisha kwa maneno, lakini aliniambia niweke chai, maana mgeni ni mgeni. Nilipoingia na birika, Ishmael alikuwa ameweka mezani kanda mbili mpya, bado zimo ndani ya nailoni.

"Felicitas," alisema, "mimi sikufuta hiyo kaseti. Lakini nimechoka. Watoto wangu wanaambiwa baba yao ni mtu mbaya. Kama hii maneno itaisha nikisema ni mimi, basi nimekuja kusema ni mimi. Nisamehe."

Chai niliyokuwa nikimimina ikamwagika kwenye sahani. Mtu mzima, baba wa watoto, alikuwa anaomba msamaha wa kosa langu mbele yangu, na mimi namtilia sukari! Niliweka birika chini. Nilikimbia chumbani, nikarudi na mkebe wa hesabu, nikaufungua mezani. Ndani, kati ya rula na bikari, zilikuwamo zile karatasi mbili zilizokauka, mistari ya daftari ikionekana.

"Ni mimi, Tata," nilisema. "Nilitaka kurekodi jina langu kwa salamu. Niliziba meno na karatasi. Na hata jina halikusomwa."

Niliangua kilio. Hakuna aliyeninyamazisha. Tata aliziangalia zile karatasi. Kisha akasimama, na nilijua ninapigwa. Hakunipiga. Alimgeukia Ishmael, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ndugu yangu," alisema, "nilikuaibisha mbele ya soko nzima bila kujua kitu. Mimi ndiye wa kuomba msamaha. Na sitaomba hapa nyumbani."

Alhamisi iliyofuata tulienda sokoni sisi wawili. Tata alisimama mbele ya duka la Ishmael, mahali pale pale, akasema kwa sauti kwamba alimsingizia. Kisha akanisukuma mbele. Nilisema yangu huku nikiwaona wanafunzi wenzangu wanne kando ya gunia la ndengu. Ilikuwa dakika moja ndefu kuliko mwaka. Mzee Kathuri wa kanisa alikohoa, akasema kipaza sauti kitarudi kwa fundi wake. Ishmael alinipa stuli yake niketi.

Kisha alituomba ile kanda. "Kilichofutwa kimefutwa," alisema, "siwezi kuwadanganya. Lakini kila upande ni nusu saa. Wawira alirekodi dakika ngapi?"

"Ishirini na tano," nilisema.

Tukaisikiliza hadi mwisho. Salamu zilikatika ghafla. Halafu zikaja fimbo. Wimbo ulikuwa umekwisha, lakini wanawake walikuwa bado wanapura: pu, pu, pu, bila maneno, karibu dakika tano. Na mwisho kabisa, karibu na redio, sauti ya Nyanya, amechoka na anacheka: "Felicitas, zima hiyo kitu yako, mama, tumalize kazi."

Tata alifunika mdomo kwa leso. Ishmael alijifanya anatafuta bisibisi.

Jumatatu nilifungia kuku tena. Tata hakutumia ngoma za kinanda katika wimbo wa nane. Alizitumia zile fimbo, zipige tangu mwanzo hadi mwisho. Kinanda kilipiga sehemu ya waitikiaji tu. Pale ambapo Nyanya angeimba, Tata hakuweka kitu. Fimbo zinaendelea, unangoja sauti, haiji, kisha kinanda kinaitikia. Nilimuuliza kwa nini asiimbe yeye.

"Hapo ni pa mama," alisema. "Watu wasikie kwamba kuna mtu hayupo."

Na mwisho wa wimbo, baada ya kinanda kunyamaza, ndipo Nyanya anasema izimwe.

Jioni kanda ilipokamilika, tayari kupelekwa Embu kutolewa nakala, Tata aliniita mezani. Nilidhani ananituma. Akaniketisha.

"Wawira, sikiza. Kufuta sauti ya mama yangu ulifanya mara moja, kwa ujinga wa mtoto, na mimi nimekusamehe. Lakini kunyamaza ulifanya kila asubuhi, siku tisa, ukiona mtu anaumia. Hiyo haikuwa bahati mbaya. Hiyo ulichagua. Siku nyingine ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Na mimi pia nimejifunza nisimhukumu mtu kabla sijauliza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Tata."

Akanisukumia kanda mpya, ile ya albamu nzima, na kisu kidogo cha jikoni. Niliitazama nikiogopa hata kuigusa.

"Vunja meno," alisema. "Wewe mwenyewe."

Nilivunja la kwanza, kisha la pili. Vilitoa mlio mdogo sana. Tata aliviokota vile vijino viwili vyeupe, akaviweka kiganjani mwangu, akanifumba vidole.

"Hivyo utaweka kwa mkebe wako wa hesabu," alisema, "mahali pa zile karatasi."