Kwa Nini Gari la Zahanati Liliyumba

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, dereva wa zahanati hulizunguka gari lake kama mnunuzi anayemkagua ng'ombe. Huyagonga matairi kwa kisigino, hufuta kioo, kisha huita, "Haya, Kwanini, panda tuondoke!"

Dereva huyo ni mwanamke, na Kwanini ni binti yake wa miaka kumi na miwili, ambaye humpeleka shuleni njiani. Hilo si jina la kwenye cheti. Walimu walimbatiza hivyo kwa sababu siku yake ya kwanza darasani aliuliza "kwa nini" mara nyingi mno, hata kengele ya mapumziko ikachoka kusubiri, ikajigonga yenyewe. Asiyeamini na akaiulize kengele.

Wiki hiyo gari lilikuwa na matairi mapya. Mjini lilikwenda kwa adabu. Lakini walipovuka daraja na kuingia barabara kuu mpya, lilianza kuyumba, kushoto kidogo, kulia kidogo, kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

"Dereva!" Muuguzi mkuu, aliyekaa mbele, alishika dashibodi kwa mikono miwili. "Umeanza tena kusinzia?"

"Sisinzii, mkuu. Usukani nimeukamata hivi, ila gari linavutwa."

"Kila siku linavutwa! Basi Ijumaa daktari mkuu atapanda mwenyewe. Likiyumba mbele yake, funguo utamkabidhi mwingine. Tunabeba wagonjwa hapa, hatubebi viazi."

Kwenye kioo, Kwanini alimwona mama yake akikaza macho barabarani. Miaka tisa alikuwa ameliendesha gari hilo bila kumkwaruza hata kuku.

Jioni walikwenda gereji kwa mjomba, ambaye watu wote humwita Spana. Kwa maneno yake mwenyewe, aliwahi kuliponya lori kwa kulikemea tu. Aliingia chini ya gari, akatikisa kila kinachotikisika, akapima upepo wa matairi, akatoka akipangusa mikono.

"Dada, gari lako ni zima kuliko mimi. Au kweli unasinzia kidogo?"

"Hata wewe, kaka?" Mama aligeuza uso.

Kwanini alidakia, "Mjomba, kama ni usingizi, mbona unasubiri tuvuke daraja? Nimechunguza siku tatu. Linaanza darajani, linaacha kwenye kituo cha mafuta. Hapohapo kila siku! Huo usingizi una ratiba?"

Mjomba Spana alikuna kipara. "Mtoto huyu atanifungia gereji. Haya, kesho tukaone."

Alhamisi walisimama kwenye kituo cha mafuta. Mama alimshika Kwanini mkono, wakakaa kwenye ukingo mpana wa barabara, mbali na magari. Upande wa mbele lami ilikuwa laini. Upande wa darajani barabara ilikuwa ya zege, nayo ilichongwa mifereji myembamba iliyonyooka, ikifuata safari, mamia kwa mamia, kama ukurasa wa daftari. Kwanini alipiga magoti, akapitisha kucha kwenye mmoja.

"Kwa nini waliichana hivi?"

"Maji ya mvua yapate pa kuingia," mjomba alieleza. "Yakituama juu, tairi huyapanda likateleza. Ni kazi nzuri sana hiyo."

Kwanini aliligeukia gari, akainama mbele ya tairi. Nalo lilikuwa na mifereji minne iliyonyooka, ikilizunguka mwanzo hadi mwisho. Aliitazama ya tairi, akaitazama ya barabara, bila kuuliza swali hata moja, jambo ambalo halijatokea tena hadi leo.

"Mjomba, naomba kitana chako."

Mjomba hakuwa na unywele hata mmoja, lakini kitana hakikumtoka mfukoni. Kwanini alitoa cha kwake kwenye mkoba, akakishindilia juu ya kile cha mjomba, meno kwa meno.

"Sukuma pembeni."

Mjomba alisukuma. Vilikuwa vimenasana. Alipokaza, kitana kiliruka, kikanasa jino la pili. Kisha Kwanini alikilaza kimshazari, na safari hii kikateleza bila shida.

"Umeona? Mistari ya tairi inajipachika kwenye mistari ya barabara. Mama anashika usukani, na barabara nayo inaushika!"

Mama alicheka kwa mara ya kwanza wiki nzima. Mjomba hakucheka.

"Matairi haya niliyachagua mimi, dada," alisema polepole. "Nilikwambia hakuna kama haya, kumbe yalinipendeza macho tu. Kisha nikakwambia unasinzia. Nisamehe. Kesho nitakuja kusema hivyohivyo mbele ya wakubwa wako."

Jioni hiyo aliyavua matairi ya gari lake mwenyewe, ya ukubwa uleule lakini yenye michoro iliyokatikakatika na kupinda, akalivisha gari la zahanati.

Ijumaa daktari mkuu alikaa mbele, kalamu mkononi. Muuguzi mkuu, mjomba na Kwanini walibanana nyuma. Daraja likapita. Zege likaanza kuvuma chini ya matairi. Gari lilikwenda limenyooka kama rula. Walipokaribia kituo cha mafuta ukasikika mngurumo wa ajabu.

"Injini?" muuguzi mkuu alinong'ona.

"Hapana," Kwanini alinong'ona pia. "Ni daktari. Anakoroma."

Walipofika, daktari alizinduka akapangusa kidevu. Mjomba Spana alimweleza yote bila kujificha. "Barabara ni nzuri, na matairi yale ni mazuri. Ndoa yao ndiyo mbaya, na mshenga nilikuwa mimi."

"Funguo zibaki zilipo," daktari alisema. "Sijalala vizuri hivi tangu mwezi jana."

Muuguzi mkuu alimpa mama mkono. "Nilikulaumu bure, dada. Niwie radhi."

Mama alimtazama binti yake, ambaye magoti ya sare yake bado yalikuwa na vumbi la barabara kuu.

"Yamekwisha," alisema. "Kulaumu ni rahisi, mtu hulaumu akiwa amekaa kitini. Anayetaka kujua ukweli, huyo hana budi kushuka na kuinama."