Chujio la Kiyoyozi cha Bi Hind

Kila Alhamisi asubuhi, Kheiria aliteka maji kisimani akayapandisha ngazi mpaka chumbani kwa bibi yake, Bi Hind. Chumba hicho kilikuwa na kiyoyozi, kilichotiwa dirishani mwaka 1969. Siku hizo nyumba chache tu za Maskati zilikuwa nacho. Baba, Bwana Thani, alikinunua kwa ajili ya Bi Hind, ambaye tangu wahame Unguja hakulizoea joto la huku, na moyo wake ulikuwa dhaifu.

"Vumbi ndilo linalokiua," baba aliwaonya watoto. "Chujio lioshwe kila wiki."

Kheiria, mwenye miaka kumi na mmoja, hakulifikia chujio. Basi yeye alileta maji, na kaka yake Yaarub akaahidi kuosha. Kheiria alimwamini kuliko mtu yeyote.

Adhuhuri moja ya Juni iliyofuata, kiyoyozi kilinguruma, kikatoa harufu ya kuungua, kikanyamaza. Baba alikifungua. Chujio lilikuwa limezibwa na vumbi, gumu kama udongo.

"Nani alikuwa akiliosha?"

"Kheiria," alisema Yaarub, macho chini.

Kheiria alimtazama Yaarub. Ndipo alipokumbuka nywele za kaka yake, mbichi kila Alhamisi. Kumbe maji yote yale Yaarub alikuwa akiyaoga! Na sasa amemsingizia. Baba alimgombeza, lakini si hilo lililomliza jikoni.

Jioni Bi Hind alizidiwa, akawa anahema kwa shida. Mama alimpepea, Kheiria akimfuta jasho. Yaarub alisimama mlangoni, karibu na baba.

"Baba, ni mimi," alisema mwishowe. "Sikuliosha hata mara moja."

Baada ya siku chache baba alipata mota nyingine, chumba kikapoa na Bi Hind akapata nafuu.

"Niwie radhi, Kheiria," Yaarub aliomba.

"Nimekusamehe," Kheiria alijibu. "Lakini ukiliosha, nitakaa nitazame."

Yaarub alimgeukia baba, kama anayeomba kutetewa.

"Ana haki," alisema baba. "Katika joto na vumbi hili, mashine ikitunzwa hudumu miaka, isipotunzwa hufa mapema. Hiyo nimeitengeneza. Moyo wa ndugu yako mimi siwezi kukutengenezea. Ukiahidi, tenda, ukikosea, kiri mwenyewe, usimtwike mwenzio. Ili uaminiwe tena, mwanangu, itabidi ufanye kazi."