Redio ya Nyaruai Haiuzwi

Nje kidogo ya mji wa Kitale, kila alasiri, Nyaruai alianika betri za redio juu ya mabati ya banda la kuku. Zikipata joto, redio ilisema kidogo. Zikipoa, ilinyamaza. Wakati mwingine alizing'ata kwa meno ati zipate nguvu.

Mumewe Munene alimcheka. "Wenzako wanaanika mahindi. Wewe unaanika mawe ya redio."

Nyaruai hakujali. Aliipenda redio ile, tena sana. Kipindi cha wakulima kilimfundisha kukamua ng'ombe kwa usafi, na ugonjwa wa matiti ukaisha zizini. Maziwa hayo ndiyo yaliyowasomesha watoto wao, kuanzia Gathii, kifungua mimba.

Siku moja redio ikakataa kabisa. Nyaruai akafungua kifuniko. Lo, ndani mlikuwa na maji mazito na ungaunga mweupe. Springi zilikuwa zimeshika kutu.

"Imekufa hiyo," Munene akasema. "Wahome ananunua redio mbovu za spea. Jumamosi nitamwuzia."

"Hii haiuzwi. Nipe mpaka hiyo Jumamosi."

Munene alijua sauti hiyo. Mkewe akishaamua, ameamua.

Kesho yake Nyaruai alifunga safari ya Bungoma. Huko, karibu na msikiti, Arafa alikuwa na duka la kuuza na kutengeneza redio. Zamani walikuwa majirani Kitale.

"Karibu, Mama Gathii. Ni nini imekuleta na mvua hii?"

Nyaruai akampa redio. Arafa akaifungua, akatikisa kichwa.

"Ulikuwa unaanika betri, si ndiyo?"

"Si kila mtu anaanika?"

"Na kila mtu anaharibu redio. Betri ikipashwa joto ama ikitafunwa, inapasuka na kutoa maji makali. Yanakula chuma, hata mdomo yanaweza kuuchoma. Tena usichanganye mpya na kuukuu."

Arafa alisugua springi kwa msasa mpaka zikang'aa. Kisha akaweka betri nyingine mezani.

"Hizi ni za kuchaji. Zikiisha nguvu huzitupi, unazichaji tena. Redio yako inaongea kila siku, kwa hivyo zitakufaa."

"Lakini bei yake ni kali."

"Rahisi ni ghali, Mama Gathii. Zile za kutupa, si unanunua kila mara?"

"Na kwetu hakuna stima, bana."

"Kinyozi wa hapo sokoni kwenu si ana stima? Mpelekee na chaja hii. Lakini sikia vizuri. Zile za kawaida usiwahi kuzichaji. Zinaweza kulipuka."

"Na saa yetu ya ukutani, nayo niiwekee hizi?"

"Hiyo inakula kidogo kidogo. Iwekee za kawaida. Zikiisha, usizitupe motoni wala chooni. Ziweke kwenye mkebe, mbali na watoto."

Nyaruai akanunua. Aliporudi Kitale, alipitia kwa kinyozi kwanza, akazisubiri mpaka zikajaa. Siku iliyofuata redio ilieleza habari za funza wa mahindi. Shamba la Munene lilikuwa likiliwa na funza hao hao. Alitupa jembe, akasogeza kiti.

Jumamosi Wahome akabisha hodi. "Nimekuja kuchukua ile redio mbovu."

Munene hakuinuka kitini. "Si mbovu, na mwenyewe ni mama watoto. Mimi hapa kazi yangu ni kupeleka betri kwa kinyozi. Kaa ama uende, lakini nyamaza. Nasikiliza."