Mpiga Picha wa Mama

Ugomvi wao ulianzia saluni, Jumamosi, mashine za kukaushia nywele zikinguruma na wateja wamejipanga mpaka mlangoni. Msusi, ambaye wateja walimwita Pilipili kwa ajili ya ulimi wake, alikuwa anamwosha kichwa mama mmoja mzee, mwembamba, aliyevaa gauni la kijani lililofungwa vifungo kombokombo. Maji yakamwingia mama masikioni. Akashtuka, akaanza kulia kama mtoto. Mwanawe wa kiume, mrefu, shati jeupe limenyooshwa likanyooka, badala ya kumshika mama mkono akainua kamera.

"We kaka! Weka hicho kidude chini!"

"Huyu ni mama yangu, dada."

"Ndiyo umpige picha analia? Huoni anavyojificha uso?"

"Pilipili usiyoila yakuwashiani?" alijibu yule bwana, asijue jina alilolitaja.

Saluni nzima ikaangua kicheko. Pilipili hakucheka. Alimtupia taulo lenye povu, likamfunika kamera na uso, kisha akamsukuma nje na kufunga mlango.

Kesho yake bwana akarudi, mikono mitupu.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi gani hiyo inaombwa umesimama mlangoni kama askari? Ingia, unanizibia mwanga."

Aliingia, na ndani ya moyo wa Pilipili pia akaingia, ingawa ulimi haukukubali upesi. Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula maneno ya wateja."

"Nikuletee chakula?"

"Lete. Kamera iache huko huko."

Siku za Jumapili Pilipili alikwenda kwao kumsuka mama. Mama alikuwa amesahau mengi: mwaka, mlango wa choo, kifo cha mumewe. Bwana alikaa kona ya chumba, kamera usoni, akipiga picha. Pilipili aliona ni kazi yake tu, basi akavumilia.

Uvumilivu ulimwishia mjini, siku aliyokwenda kununua rasta. Alipita mbele ya ukumbi wa maonyesho, na kupitia kioo akamwona mama. Picha kubwa kama mlango. Mama amekaa ukingoni mwa kitanda na shimizi, gauni limemkwama kichwani, mdomo wazi kwa kilio. Mbele yake watu waliovaa vizuri wanakunywa juisi. Pilipili alipiga simu pale pale.

"Uko wapi?"

"Ukumbini, mpenzi. Nilitaka nikualike nikushangaze."

"Umenishangaza kweli. Mama yako yuko uchi ukutani."

"Hayuko uchi, amevaa shi..."

"Wewe ungependa watu wanywe juisi wakikutazama na chupi?"

"Huielewi kazi yangu."

"Naielewa aibu. Usinipigie tena!"

Bwana alipiga, hakupokelewa. Akatuma ujumbe, akajibiwa: "Ongea na kamera yako." Lakini mama hakuwa na kosa, kwa hiyo Pilipili aliendelea kwenda kumsuka, akichagua saa ambazo mwanawe hayupo. Siku moja saa zikagongana. Bwana aliingia chumbani, akaweka begi la kamera mezani.

"Hatuwezi kuishi hivi," alisema.

"Nani amekwambia tunaishi?"

Mama aligeuka akamwona. Macho yakamtoka. "Mwizi! Binti, piga kelele! Mwizi!" Akashika kitana akamrushia, kikampiga shavuni. Bwana akasogea mezani. Alifungua begi, akatoa kamera, akaiweka usoni.

Mama akatulia papo hapo. "Aa, mpiga picha! Karibu, baba. Ngoja nijiweke sawa."

Pilipili alibaki ameshika msuko nusu.

"Umeona?" bwana alisema kwa sauti ndogo, kamera bado usoni. "Bila hii mimi ni mwizi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Kwamba mama aliyenizaa ananifukuza?"

Pilipili hakulegea. "Nimekuelewa. Sijakusamehe. Picha ile itoke ukutani."

"Ndiyo picha bora niliyopata kuipiga."

"Basi ioe."

Akamaliza msuko, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Siku kadhaa zikapita. Bwana akaja saluni, uso umemkunjamana, hakuketi.

"Nimeiteremsha. Mwenye ukumbi amenitukana matusi yote. Na mpaka sasa naamini ni picha nzuri."

"Sasa umeiteremshia nini?"

"Nilimwonyesha mama." Alimeza mate. "Hakujua ni yeye. Akasema, 'Jamani, mfunikeni huyo mama, anaona baridi.'"

Pilipili akamvutia kiti kwa mguu, kwa ukali. "Kaa. Utaanguka."

Jumapili iliyofuata aliwakuta pamoja, mama amevaa gauni la bluu, vifungo vimekaa mahali pake. Pilipili alikaa nyuma yake akisuka. Bwana akauliza kwanza, "Mama, nikupige picha?" Mama akakubali. Akapiga moja, mbili, kisha kamera ikiwa bado usoni akasema, "Pilipili, nataka kukuoa."

Mama aliruka kama aliyechomwa moto. "Wee mpiga picha! Shika adabu yako! Huyu ni mchumba wa mwanangu!"

Sauti ya bwana ilitoka kwa shida. "Mwanao yuko wapi, mama?"

"Kazini. Ana kazi nyingi, maskini. Lakini atakuja. Yule hajawahi kunisahau."

Mabega ya bwana yalianza kutikisika. Pilipili aliona, naye machozi yakamlenga, lakini akakaza uso na kuendelea kusuka.

"Umesikia?" alimfokea. "Piga picha yako uende zako. Na huyo mwanawe ukimwona, mwambie nimekubali."