Picha ya Wiki ya Nane

Awiti alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni ndiye aliyechemsha chai nyumbani kwao katika mtaa uitwao Tena. Mama yake, Phelister, alikuwa muuza mboga na kwa kawaida aliondoka alfajiri. Wiki hizo, hata hivyo, alichelewa kuamka. Alikuwa mjamzito, na harufu ya vitunguu tu ilimtapisha.

Ijumaa moja, Awiti alipokuwa akikusanya nguo za kufua, aliona damu kwenye leso ya mama. Mama aliichukua haraka akailoweka. Alisema ni jambo dogo, akamsihi asimwambie baba. Mwaka uliotangulia mimba yake iliharibika, naye hakutaka kusikia habari kama ile tena kutoka kwa daktari.

Awiti aliahidi kunyamaza. Lakini darasani hakusikia somo hata moja. Alikumbuka jinsi mama alivyolala wiki nzima mwaka ule akitazama ukuta. Jioni, baba yake, Ooko, aliporudi kutoka karakana ya reli, Awiti hakumvuta kando. Alizungumza mbele ya wote wawili.

"Mama, nisamehe. Baba, mama anatokwa na damu, na anaogopa kwenda hospitalini."

Mama hakumsemesha wakati wote wa chakula. Baba hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba kesho wangekwenda wote watatu.

Kwenye kliniki, mtaalamu wa skani, yaani picha za ndani ya mwili, aliyeitwa Wangeci alimpaka mama mafuta baridi tumboni, akapitisha kifaa polepole. Mama alikuwa amefumba macho.

"Fungua macho, mama," Wangeci alisema. "Huyu hapa. Ana wiki nane, na moyo wake unapiga vizuri."

Kwenye skrini kulikuwa na kitu kidogo kama punje ya haragwe, na katikati yake palimetameta. Kando yake palikuwa na kivuli cheusi. Wangeci hakukificha. Alieleza kwamba hiyo ni damu iliyojikusanya karibu na mfuko wa mimba. Mapigo ya moyo yalikuwa dalili njema, na mimba nyingi za namna hiyo huendelea salama, ingawa hakuna awezaye kuahidi. Mama arudi baada ya wiki mbili. Damu ikizidi, au tumbo likimuuma sana, aje mara moja.

Kuanzia siku hiyo baba alibeba magunia ya mboga, na Awiti akateka maji. Katika skani ya pili kivuli kilikuwa kimepungua, na mtoto alikuwa ameota vikono. Katika ya tatu kivuli hakikuwepo kabisa.

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, mvulana wa kilo tatu. Awiti alipofika wodini, mama alimketisha kitandani.

"Nilikukasirikia kwa sababu niliogopa," alisema. "Nilidhani nisipoangalia, baya halitakuwepo. Skani haileti baya, mwanangu. Hutuonyesha tulipo, tujue la kufanya. Hata ingekuwa habari mbaya, ningehitaji kuijua mapema. Basi ukiombwa kuficha jambo linaloweza kumdhuru mtu, usilifiche, hata kama anayekuomba ni mimi. Mwambie mtu mzima anayeweza kusaidia."

Kisha akamwekea mtoto mapajani.