Chiku na Ukuta wa Tumbo

Chiku alikuwa na miaka sita. Alikaa na Bibi yake, karibu na banda la kuku.

Chiku alijua kila kitu. Ukimwambia jambo, anajibu, "Najua."

Siku moja aliokota pera chini.
"Nawa mikono kwanza," alisema Bibi.
"Ni safi," alisema Chiku. Aliitazama mbele, akaitazama nyuma. Kweli, hakuona kitu. Akala pera.

Vijidudu vya mikononi navyo vilinyamaza. Ni vidogo mno. Havipigi hodi.

Jioni tumbo likasema: ngurururu! Chiku akakimbia chooni. Akarudi. Ngurururu! Akakimbia tena.

Siku hiyo Chiku hakusema "Najua."

Asubuhi Bibi alimbeba mgongoni hadi zahanati. Muuguzi Tausi akampa dawa ya kuchanganya na maji, anywe kidogo kidogo. Akampa na vidonge kumi vya zinki.

"Kimoja kila siku," alisema Muuguzi. "Siku kumi. Hata akipona."
"Hata akipona?" aliuliza Bibi.
"Ndiyo, Bibi. Tumbo lina ukuta ndani. Vijidudu vimeuharibu. Zinki husaidia ukuta kuzibika, vingine visipite."
"Najua," alisema Chiku, kwa sauti ndogo sana.

Nyumbani, Bibi alitia kidonge kwenye kijiko cha maji safi. Chwiii! Kikayeyuka.
"Bismillahi," alisema Chiku. Glu! Akakunja uso kama amelamba msumari.

Kisha Bibi akaenda kukandika banda la kuku. Kicheche, mwizi wa kuku, alikuwa ametoboa ukuta wa banda. Bibi alikandika kidogo kila siku, ili udongo ukauke vizuri. Pwa! Pwa!

Ndani ya banda alilala Doadoa, kifaranga wa Chiku.

Kila siku ilikuwa hivyo. Chwiii! Glu! Pwa! Pwa!

Siku ya nne, tumbo lilikuwa kimya. Chiku aliruka kamba. Alikula ugali wake wote, na wa Bibi kidogo.

"Njoo unywe kidonge," aliita Bibi.
"Nimepona. Vidonge ni vya wagonjwa."
"Muuguzi alisema siku kumi."
"Muuguzi hakujua nitapona haraka. Mimi najua."

Bibi alimtazama. Akanawa udongo mikononi. Akaketi mkekani na tasbihi yake.

"Bibi, mbona hukandiki?"
"Nimeacha. Kicheche hajaja siku tatu. Banda limepona."
"Lakini shimo bado lipo!"
"Dogo tu."
"Kicheche atapita! Atamla Doadoa!"
"Kwani leo umemwona?"
"Huwezi kumwona! Anakuja kimya!" Chiku alipiga mguu chini. "Ukuta hauachwi nusu, Bibi! Mpaka uishe!"

"Lo!" alisema Bibi. "Kumbe unajua."
"Najua!" alisema Chiku.

Alitazama shimo la banda. Akatazama tumbo lake. Tumbo halikusema kitu.

"Bibi," alinong'ona, "ukuta wangu bado una shimo?"
"Sijui, mjukuu wangu. Anayejua yote ni Mungu. Na wewe."

Chiku hakucheka. Bibi akamvuta karibu.

"Mama yako alikuwa na mdogo wake, Shomari. Aliumwa tumbo kama wewe. Siku zile hatukuwa na vidonge hivi. Mungu akamchukua. Ndiyo maana nakusumbua."

Chiku alimshika Bibi mkono. Akaushika muda mrefu.

Kisha akaleta kijiko mwenyewe. Chwiii! "Bismillahi." Glu!

Wakaenda bandani wote wawili. Pwa! Pwa!

Siku ya tano. Chwiii! Glu! Pwa! Pwa!
Siku ya sita. Siku ya saba. Siku ya nane. Siku ya tisa.

Siku ya kumi vidonge viliisha. Shimo la banda nalo halikuonekana tena. Doadoa alilala chini ya bawa la mama yake.
"Alhamdulillahi," alisema Bibi.

Jioni hiyo, kabla ya kulala, Bibi alimpa Chiku pera.
"Nawa mikono kwanza."
"Ni sa..." alianza Chiku.

Aliitazama mikono mbele. Akaitazama nyuma. Hakuona kitu.

Akaenda kunawa.