Gunzi la Melkiori

Asiyeamini habari za majini asikae karibu na mlango, maana wabishi ndio huwa wa kwanza kukimbia.

Gari lilikuwa limezimwa tangu asubuhi, ufunguo uko mfukoni kwa mwenyewe, lakini lilikuwa linapumua. Sisemi linanguruma. Linapumua. Fundi Melkiori mwanzoni alidhani ni upepo, maana upepo wa Singida ukiamua kuvuma hauombi ruhusa. Akasogea, akaweka sikio juu ya boneti. Hhhh, likavuta. Kimya. Hhhh, likatoa. Na kilichotoka kilinuka oili iliyoungua, na chini ya oili kulikuwa na harufu nyingine, ya nywele zilizoguswa na moto. Akaruka nyuma, kisha akatazama kushoto na kulia asije akawa ameonekana anaogopa gari. Hilo ndilo lililokuwa gonjwa lake tangu ujana: alikuwa radhi kufa kuliko kuonekana hajui.

Tuanze mwanzo, msije mkapotea.

Miaka ile ya ruksa, sabuni za rangi zilipoanza kujaa madukani na kila mwenye jamaa Dubai akaanza kuota gari, Calist, mfanyabiashara wa alizeti, alishusha pale gereji ya Utemini gari jekundu la milango miwili, fupi, limelala chini utadhani linanyemelea kuku. Lilikuwa na supachaja, yaani mtambo unaozungushwa na mkanda, kazi yake kusindilia hewa ndani ya injini ili gari lipae badala ya kwenda.

"Fundi, hizi unazijua?" Calist alimuuliza.

"Bosi, injini ni injini," Melkiori akajibu, na supachaja ilikuwa ndiyo kwanza anaiona kwa macho yake.

Malalamiko yalikuwa madogo: harufu ya oili kidogo, gari likikimbizwa. Melkiori akafungua boneti, akakuta mpira umetoka kwenye kifuniko cha injini ukarudi kwenye njia ya hewa, umelowa oili. Kwenye malori aliyojifunzia, mpira wa namna hiyo huachwa unaning'inia chini, injini inapumulia barabarani. Akacheka peke yake. Gari gani hili linalovuta moshi wake lenyewe? Akaokota gunzi la hindi, akalivisha kipande cha tyubu ya baiskeli, akalishindilia kwenye ule mpira mpaka likakaa. Harufu ikakata. Akajisifu gereji nzima.

Lakini injini ni lazima ipumue. Mvuke wa tumboni ukizibiwa pua hutafuta pengine pa kutokea, na injini ya supachaja, ambayo inasindiliwa hewa kwa nguvu, ndiyo mbaya zaidi. Jumapili Calist alimchukua mkewe, Eliana, kwenda kusali Ihanja. Kabla hawajafika, kile kijiti cha kupimia oili kikafyatuka, oili ikamwagika juu ya bomba la moto, moshi mzito ukaingia walipokaa. Eliana akazimia na nguo yake nzuri. Alipozinduka alisema ameona mtu hana uso amekaa kiti cha nyuma. Gari lile halikuwa na kiti cha nyuma.

Likavutwa mpaka gereji. Melkiori akafungua boneti, akaona, akaelewa palepale. Watu walikuwa wamejaa.

"Fundi, mke wangu nusura nimzike," Calist akasema. "Umelifanya nini gari langu?"

Jibu lilikuwa neno moja tu, nimekosea. Melkiori alilisikia likipanda kifuani, likafika kooni, akalimeza.

"Bosi," akasema polepole, "hili si la spana. Hili lina mtu."

Ndiyo hivyo. Mganga akaletwa kutoka upande wa Ihanja na usinga wake na kuku mweusi. Akalizunguka gari, akanusa, akauliza, "Gari hili likilala hapa, jirani yake nani? Nani hapa anayeishi na moshi?"

Melkiori hakutaja jina. Na aapishwe popote, hakutaja. Macho yake tu ndiyo yaliyovuka njia yakatua kwenye banda la Bi Amne.

Bi Amne alikuwa mjane wa makamo, akiwapikia mafundi ugali na mlenda, na kila Alhamisi akifukiza ubani. Melkiori alipokuja mjini kutoka Mkalama, hana hata ndala, huyo mama ndiye aliyemkalisha akamwambia kula kwanza, mengine baadaye. Sasa alisimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Mimi?" akauliza. "Melkiori, mwanangu, mimi?"

Melkiori akainama kuokota spana ambayo haikuwa imeanguka.

Watu wakavamia banda. Mabati yakang'olewa, chetezo kikapasuliwa, masufuria yakatupwa njiani. Na wakati wote wako huko wanapiga kelele, Melkiori akanyoosha mkono ndani ya injini, akachomoa gunzi, akaenda kulitupa chooni. Jioni Bi Amne akapanda lori kwenda kwa dada yake Manyoni. Gari likawashwa, halinuki tena. Mganga akashangiliwa, Melkiori akapigwa mabega: fundi anayejua hata yasiyofunguliwa kwa spana!

Alicheka nao. Mate yalikuwa machungu mdomoni.

Calist hakuwa na hamu ya kulilaza gari nyumbani kwake tena, akaliacha gereji. Na ndipo siku hiyo niliyoanza nayo likaanza kupumua.

Melkiori akajipa moyo, akaenda kufungua sanduku lake la spana ajishughulishe na kazi nyingine. Juu ya spana zote lilikuwa limelala gunzi. Lilelile, na kile kipande cha tyubu, limelowa oili ya moto, na alipoliinamia aone vizuri akaliona linapanda na kushuka, linapanda na kushuka kama kifua cha mtoto aliyelala, na lilipopanda yeye alivuta hewa, na liliposhuka yeye aliitoa, akajaribu kubana pumzi asifuatane nalo, akabana mpaka masikio yakapiga kelele na jua la mchana likawa jeusi mbele yake, lakini kifua chake hakikuwa chake tena, kilikuwa kinalisikiliza gunzi.

Sauti ikatoka kwenye boneti, ya chini, ya mtu asiyetaka majirani wasikie.

"Ulisema lina mtu. Nilikuwa sina pa kukaa. Nimekuja."

Akapiga kifuniko cha sanduku, akatoka mbio. Tangu hapo kila alipofungua mdomo, harufu ya oili ilitangulia maneno. Kanisani watu walimwachia benchi zima. Fundi mwenzake alipomuuliza, "Umekunywa nini wewe?" akasema anaumwa jino. Alijaribu kumweleza Calist faraghani, lakini alipofika kwenye neno gunzi koo likaziba kabisa, akatoa mlio wa injini iliyokosa hewa, chozi likamtoka. Akashika kalamu, karatasi ikalowa oili mpaka chini. Usijiulize alivyokuwa anajisikia. Alikuwa anaona aibu hata kutazamwa na kuku.

Ikambidi aende Manyoni.

Aliikuta nyumba ya dada yake Bi Amne nyuma ya stesheni, yenye mlango wa bluu, kwa kuuliza. Mwenyewe alikuwa uani anapepeta mtama, amekonda, mabega yamemshuka. Melkiori akasimama mbali, mkono umeziba mdomo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Umekula?"

Pale ndipo alipokatika. Akapiga magoti kwenye pumba, akalia kama mtoto, na katika kulia maneno yakatoka, yote, safi, hayana harufu. Gunzi. Mpira. Chooni. Macho yake.

Bi Amne aliendelea kupepeta mpaka alipomaliza.

"Nilikuona," akasema. "Wao wanavunja, mimi nilikuwa nakutazama wewe. Nilikuona ukichomoa."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Ningesema mimi, nani angenisikiliza? Neno lilikuwa lako. Nikasema moyoni, mtoto huyu nimemlisha, atasema. Nikapanda lori bado nangoja useme."

Hakumkaripia. Angemkaripia ingekuwa nafuu.

"Nisamehe, mama."

"Hapa Manyoni hakuna aliyenifukuza, Melkiori. Rudi ukaseme kulekule, mbele ya walewale. Mimi nataka kurudi kwenye banda langu."

Akamwapia. Akala alichopewa, akarudi mwepesi, koo limefunguka, njia nzima anajisemea maneno yake kwa sauti mpaka abiria wenzake wakamcheka. Nilikosea mimi. Bi Amne hana kosa. Yalitoka vizuri tu.

Alifika Utemini mchana, akapita kwa kila mtu kuwaomba wakusanyike gereji. Wakaja. Calist akaja na Eliana, ambaye bado alikuwa na kikohozi. Melkiori akasimama mbele ya gari jekundu, kifua cheupe, akavuta pumzi aseme.

"Subiri kwanza, fundi," Calist akaingilia, akampa mkono mbele ya wote. "Ndugu zangu, mnamwona huyu? Wengine wangefungua injini mpaka leo. Huyu aliangalia mara moja akajua. Singida nzima hakuna fundi kama huyu!"

Makofi yakapigwa. Eliana akamtazama kwa shukrani. Na Melkiori, Mungu amsamehe, akatabasamu. Akasema moyoni, ngoja makofi yaishe kwanza. Yalikuwa makofi matamu. Alitaka kuyasikia mpaka mwisho kabla hajayapoteza.

Nyuma yake, gari lililozimwa likavuta pumzi ndefu.

Akalisikia, akafungua mdomo haraka aseme, nilikosea, lakini badala ya neno kikapanda kitu kigumu, kikavu, chenye meno ya hindi, kikapanda kifuani kikajishindilia kooni mpaka kikakaa, na nyuma yake pumzi ikaanza kujaa, ikamjaa tumbo, ikamjaa mbavu, ikatafuta pengine pa kutokea, na wote wakaona moshi wa bluu unamtoka puani na masikioni, na oili nyeusi inamchuruzika kwenye kona za midomo inadondokea shati, na macho yake yamemtoka yanawazunguka mmoja mmoja yakiwaomba, yakisema kwa nguvu zote lile ambalo mdomo haukuweza, na wao wakayasoma walivyotaka.

"Mnaona!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Yule mchawi bado anamfuata!"

Melkiori akatikisa kichwa. Hapana. Akakitikisa tena, kwa nguvu, hapana, hapana, matone ya oili yakawarukia waliokuwa mbele.

"Jamani, hata shingo si yake tena," Eliana akasema, akaanza kulia.

Akawakamata mashati, akawavuta, akapiga magoti. Wakamshika mikono kwa upole, maana walimpenda. Wakamfuta mdomo kwa kanga. "Pole, fundi," wakamwambia. "Pole sana. Umetusaidia, na sisi hatukuachi." Kila pole ilimwingia kuliko kofi.

Calist alikuwa amekasirika mpaka amepauka.

"Tulimwacha aondoke na masufuria yake, ndiyo shukrani hii," akasema. "Leteni lori langu. Leo hii tunamfuata Manyoni, tukamalize."

"Manyoni kubwa," mtu akauliza. "Nyumba yenyewe nani anaijua?"

Fundi mwenzake akasema, "Melkiori anaijua. Aliniaga anakwenda kwa huyo mama, ametoka huko leo."

Wakampakia mbele, karibu na dereva, aonyeshe njia. Alijitahidi kufumba macho. Lakini walipofika Manyoni na dereva akapunguza mwendo nyuma ya stesheni, kile kilichokuwa kinampumulia kifuani kikayafumbua, kikayageuza taratibu mpaka yakatua kwenye mlango wa bluu.